Kuisoma Bunduki ya Kale Kabla ya Kuijaza: Mwongozo kwa Anayeanza Nairobi

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mkazi wa Nairobi aliyevutwa na bunduki za kivita za zamani, zile za enzi za askari wa Keya (jeshi la King's African Rifles) na za vita vya Taveta na Tanga, na ambaye anatamani siku moja kulenga shabaha kwa bunduki ya aina hiyo akitumia risasi zilizojazwa upya. Wengi huanza kwa kuuliza kiasi cha baruti. Hilo ni swali la mwisho, na anayelitanguliza hujiweka hatarini. Bunduki iliyotengenezwa mwaka 1890 au 1916 imepita mikononi mwa watu wengi, imebadilishwa vipuri, pengine imenyeshewa mvua mwituni na kulala miaka mingi darini, na hakuna kitabu kinachoweza kukueleza hali yake ya leo. Ni lazima uisome mwenyewe, alama kwa alama, kisha fundi athibitishe ulichokisoma, na baadhi ya bunduki ukishazisoma utakubali kwamba hazifai kupigwa tena kamwe.

Kabla ya kuendelea, tukubaliane kuhusu maneno. Katika mazungumzo ya kila siku neno "risasi" hubeba kila kitu, lakini hapa nitatofautisha sehemu zake nne: ganda la shaba nyeupe, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa cha risasi kinachotoka mtutuni. Wazee wa pwani waliiita risasi nzima "kiasi", na bunduki inayojaziwa nyuma wakaiita "bunduki ya viasi", ili kuitenga na gumegume na gobore zilizojaziwa mdomoni. Nalipenda sana neno hilo, kwa sababu linasema wazi kwamba risasi ni kipimo, na kipimo kikikosewa bunduki hugeuka dhidi ya mwenye kuishika.

Hatua ya kwanza: sheria

Nchini Kenya silaha na risasi husimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mwenye mamlaka ya kutoa vyeti ni Bodi ya Leseni za Silaha. Cheti cha kumiliki hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi ambacho mwenye cheti anaruhusiwa kuwa nacho. Usijipe msamaha mwenyewe kwa sababu bunduki ni ya babu au kwa sababu imeshika kutu. Umri wa silaha si cheti. Vivyo hivyo, usidhani kwamba cheti cha kumiliki bunduki kinakuruhusu kutengeneza risasi nyumbani. Iandikie Bodi, uliza waziwazi kuhusu bunduki ya aina hiyo na kuhusu kujaza maganda upya, na usiguse baruti wala fataki mpaka uwe na jibu la maandishi mkononi. Jibu likiwa hapana, hatua zote zinazohusu kuisoma na kuitunza bunduki bado ni zako kupitia mikono ya aliyeruhusiwa, na kwa maoni yangu ndizo zenye utamu mwingi zaidi.

Ikiwa umeikuta bunduki katika mali ya marehemu, usiipakie kwenye buti la gari kuipeleka popote. Iache ilipo, funga chumba, uwaarifu polisi wa kituo kilicho karibu, nao watakuelekeza namna ya kuikabidhi au kuombea kibali. Kuna sheria ya pili ambayo watu huisahau: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inavihesabu kuwa vya kale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Bunduki ya Snider au Martini iliyoletwa na misafara ya wakati huo inaweza kuangukia hapo, na kuisafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa. Anayekunong'oneza kwamba ana mnunuzi wa Ulaya anakuingiza matatani.

Hatua ya pili: zifahamu jamaa zake

Kuna aina nyingi, lakini kwa historia yetu inatosha kuzijua chache vizuri. Kongwe zaidi kati ya zile za viasi ni Snider-Enfield ya mwaka 1866, ambayo kwa hakika ilikuwa bunduki ya kujaziwa mdomoni iliyokatwa nyuma ya mtutu na kuwekewa kifuniko cha bawaba. Ikafuatwa mwaka 1871 na Martini-Henry, yenye wenzo chini ya kitako unaoteremsha kipande kizito cha chuma na kufungua chemba, yaani chumba cha mtutu risasi inamokaa. Ganda lake lina tumbo la inchi .577 lililobanwa shingoni hadi .450, na lilijazwa baruti nyeusi grani 85 (grani ni kipimo kidogo cha uzito, si gramu) nyuma ya kichwa cha grani 480. Hizo ni namba za historia. Nazitaja ili uone jinsi risasi ile ilivyokuwa nene na ya mwendo wa polepole ikilinganishwa na zilizofuata.

Mwaka 1888 Waingereza walileta Lee-Metford ya .303, ambayo mwanzoni ilitumia baruti nyeusi iliyoshindiliwa. Mwaka 1891 wakahamia kwenye kodaiti, baruti isiyo na moshi inayofanana na tambi nyembamba, iliyochanganywa nitrogliserini asilimia 58, pamba ya baruti asilimia 37 na mafuta ya petroli yaliyoganda asilimia 5. Joto la kodaiti liliila haraka mifereji ya kina kifupi ya Metford ndani ya mtutu, na kwa sababu hiyo mwaka 1895 mifereji ya kina kirefu zaidi ya kiwanda cha Enfield ikachukua nafasi yake, ndipo jina la Lee-Enfield lilipozaliwa. Ile fupi ambayo wazee wengi wa Kenya wanaikumbuka, yenye mdomo butu uliofunikwa kwa chuma, ilianza mwaka 1903, toleo lake la tatu likatoka mwaka 1907, na lile lililorahisishwa kwa mahitaji ya vita likaidhinishwa mwaka 1916.

Upande wa Wajerumani, askari wengi walianza vita vya 1914 wakiwa na Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11 na ya baruti nyeusi, ambayo kila ilipopigwa ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali pa kulenga. Waliisubiri kwa hamu ile Mauser ya mwaka 1898. Mwezi Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyokuwa imejifanya meli ya Denmark, ilifika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikiwa na shehena ya silaha, ikashambuliwa na manowari ya Waingereza na kuzama kwenye maji ya kina kifupi. Shehena ikaopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, na watu wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wakaketi kuzifungua, kukausha baruti na kuzijaza tena. Kwa hiyo kazi ya kujaza risasi upya si ngeni katika pwani yetu, na hata wale waliolazimishwa na vita hawakuamini risasi iliyolowa mpaka waifungue na kuitazama.

Baadaye walizipata bunduki za Kireno zilizotekwa Ngomano, Msumbiji, mwezi Novemba 1917, za milimita 6.5. Vita vya 1941 dhidi ya Waitaliano, vilivyoanzia Kenya kuelekea Mogadishu na Addis Ababa, vilileta kwenye eneo hili Carcano, nayo ya milimita 6.5 lakini yenye ganda tofauti kabisa. Msomaji na atulie hapo: bunduki mbili zenye namba moja ya upana, na risasi ambazo haziwezi kubadilishana.

Kwa kuzizoea enzi zenyewe, nenda Makumbusho ya Taifa kule Museum Hill, na Nyaraka za Taifa kwenye Moi Avenue, na usimame bila haraka mbele ya sanamu za askari za Kenyatta Avenue, zilizozinduliwa mwaka 1928 zikiwa na maandishi ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Anayesafiri kwenda Voi asiache kupita Taita Hills, ambako mapigano ya 1914 hadi 1916 yameacha mabaki ardhini. Ukiona ganda au risasi mchangani huko, usiokote. Toa habari kwa walinzi.

Hatua ya tatu: hakikisha haina kitu

Kila unapokabidhiwa bunduki, hata kama aliyekupa ameifungua mbele yako, elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu, weka kidole nje ya kifyatulio, toa magazini kama inatoka, vuta komeo (kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya chemba) mpaka mwisho, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole kidogo upapase. Macho hudanganywa na giza la chemba nyeusi. Bunduki zenye magazini ya bomba chini ya mtutu, kama Mauser ya 1871/84 iliyobeba risasi 8, zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu bomba hilo linaweza kuficha risasi ambayo haionekani kwa kufungua komeo mara moja.

Hatua ya nne: soma alama

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atumie muda mrefu kuliko anavyodhani unahitajika. Tafuta tochi ndogo, lenzi ya kukuza, daftari na penseli. Usitumie msasa wala brashi ya waya kufukua maandishi; kitambaa chenye mafuta mepesi kitatosha.

Kwa Lee-Enfield, tazama ukanda wa chuma ulio kwenye shingo ya kitako, upande wa kulia. Utakuta taji, herufi za mfalme, jina la kiwanda, mwaka na toleo. Viwanda vinavyoonekana mara nyingi ni Enfield, BSA na LSA vya Uingereza, Lithgow cha Australia na Ishapore cha India. Herufi za mfalme ni kipimo kizuri cha ukweli: VR ni ya Malkia Victoria aliyefariki Januari 1901, ER ni ya Edward wa Saba hadi 1910, na GR inaanzia hapo. Bunduki yenye VR na mwaka 1907 ubavuni ni ya kuigiza, pengine kazi ya mafundi wa mipakani mwa Afghanistan waliojulikana kwa kunakili silaha za Waingereza hata herufi wasizoweza kuzisoma, kiasi cha kuandika N kinyume. Chuma cha bunduki hizo hakijulikani kimetoka wapi. Itundike ukutani, kama sheria inaruhusu, na iishie hapo.

Kisha linganisha namba. Namba ya Lee-Enfield hupigwa kwenye mwili wa bunduki, kwenye mtutu, nyuma ya mkono wa komeo, na mara nyingi kwenye chuma cha mdomo na chini ya bapa la kulengea. Zikifanana zote una bunduki iliyobaki na viungo vyake. Namba ya komeo ikitofautiana na ya mwili, usiichukulie kuwa jambo la thamani ya soko pekee, maana komeo hilo halikupimwa pamoja na chemba hiyo, na ndilo linalozuia mlipuko usirudi usoni mwako.

Herufi DP zikionekana popote kwenye mtutu, mwili, komeo au mbao, maana yake ni kwamba bunduki ilitengwa kwa ajili ya gwaride na mafunzo pekee. Huenda imepasuka, huenda imetobolewa kwa siri. Haipigwi. Mishale miwili iliyoelekezana ncha kwa ncha inaonyesha kwamba iliuzwa nje ya jeshi. Zile zilizouzwa kihalali kupitia nyumba za majaribio za Uingereza huwa na alama za majaribio ya baruti isiyo na moshi, na juu ya mtutu wa .303 utaona urefu wa ganda, 2.222, pamoja na tani 18.5, yaani shinikizo lililokusudiwa kwa inchi mraba. Alama hizo zinakuambia kwamba siku moja ilijaribiwa ikafaulu. Hazisemi lolote kuhusu yaliyotokea baadaye.

Kwa Mauser ya zamani, utaona maandishi I.G.Mod.71 upande wa kushoto. Kwa bunduki za Kijerumani za mwaka 1888 kuna mtego unaostahili aya yake. Risasi ya kwanza ya milimita 7.92 ilikuwa na kichwa cha upana wa karibu milimita 8.08, na ile iliyoletwa mwaka 1905 ina kichwa chenye ncha cha karibu milimita 8.2. Majina yanakaribiana, maganda yanafanana, na ile nene ikipigwa kwenye mtutu mwembamba shinikizo hupanda vibaya. Herufi S iliyopigwa juu ya chemba ilionyesha bunduki iliyorekebishwa kwa risasi mpya, lakini mimi nisingeitegemea herufi hiyo peke yake bila kupima mtutu.

Hatua ya tano: kupima

Kazi hii ni ya fundi wa bunduki anayefanya kazi chini ya muuzaji silaha aliyesajiliwa, nawe uwe karibu ukitazama na kuandika. Kwanza huangalia kama mbao zimepasuka nyuma ya komeo, kama mtutu umevimba mahali, kama kuna nyufa. Mtutu wenye kivuli cha pete ndani umewahi kupigwa huku kitu kikiwa kimekwama, na habari yake imeisha. Halafu husukuma kipande laini cha madini ya risasi ndani ya mtutu uliopakwa mafuta, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kukipima kwa mikromita. Jina la .303, yaani milimita 7.7, ni kipimo cha migongo iliyo kati ya mifereji. Kwenye vina vya mifereji mitutu mingi ya vita ina karibu milimita 7.9 au zaidi, na ile iliyolika hufikia 8.1. Kichwa chembamba katika mtutu mpana hakina madhara makubwa ila kutawanyika kwenye shabaha. Kichwa kinene katika mtutu mwembamba ndicho cha kuogopwa.

Baada ya hapo hupimwa nafasi iliyo kati ya uso wa komeo na mahali ukingo wa ganda unapokaa. Kwa .303 ya kijeshi nafasi hiyo inatarajiwa kuwa kati ya inchi 0.064 na 0.074. Ikipita hapo, ganda husukumwa nyuma likinyooka, na baada ya mara chache hukatika karibu na kitako chake, gesi ikatafuta njia ya kutokea. Kwenye Lee-Enfield No. 4 ya vita vya pili vya dunia vichwa vya komeo vina namba 0 hadi 3 kwa ajili ya kurekebisha nafasi hiyo. Kwenye zile za zamani mambo si rahisi namna hiyo.

Hatua ya sita: risasi, na kujaza upya

Risasi za kale zenyewe, zile zenye mwaka wa 1917 au 1943 kitakoni, nazihesabu kuwa vitu vya kuhifadhi. Fataki zake zina zebaki au klorati. Zebaki hupenya kwenye shaba na kuifanya iwe dhaifu kama kigae, kwa hiyo ganda hilo halijazwi tena hata kama linang'aa. Isitoshe, tambi za kodaiti ziliingizwa ganda likiwa bado pana, na shingo ikabanwa baadaye kiwandani.

Mwenye kibali na aanze na maganda mapya ya kiwanda cha leo, yenye fataki ya aina ya Boxer. Chungulia ndani ya ganda tupu: ukiona tundu moja katikati ni la Boxer, matundu mawili madogo pembeni ni la Berdan. La Boxer hung'olewa fataki kwa sindano inayopita katikati. La Berdan lina kijifuawe chake ndani ya ganda na sindano hiyo itavunjika. Inapendeza kujua kwamba Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, lakini Wamarekani ndio walioshikilia cha Boxer na majeshi mengi ya Ulaya yakachukua cha Berdan.

Jifunze kazi yenyewe ukiwa umekaa kando ya mtu mzoefu aliyeruhusiwa, si kwa video. Mtiririko wake ni huu: ganda hukaguliwa na kusafishwa, fataki kuukuu hung'olewa, shingo hubanwa irudi kipimo chake, urefu hupimwa na kupunguzwa ukizidi, fataki mpya huingizwa, baruti hupimwa kwenye mizani, kichwa hukazwa. Chemba za .303 za vita zilichongwa pana kwa makusudi ili zimeze risasi yenye tope, na kwa hiyo ganda lililopigwa humo hutanuka. Wengi wetu hubana shingo tu na kuliacha tumbo la ganda likae na umbo la chemba hiyo hiyo, mradi lirudi kwenye bunduki ile ile, na kwa njia hiyo maganda huishi muda mrefu zaidi. Kabla ya kila kujaza, ingiza waya mwembamba uliokunjwa ncha na kuupitisha ndani juu kidogo ya kitako cha ganda. Ukikwama kwenye mfereji, ganda limeanza kukatika, liponde kwa koleo ulitupe.

Kiasi cha baruti hakitoki kwa rafiki, wala kwangu. Kinatoka kwenye jedwali lililochapishwa na kiwanda cha baruti ile, kwa kichwa kile na bunduki ya aina ile, na unaanzia kiwango cha chini kabisa. Usiwahi kuwa na vyombo viwili vya baruti mezani kwa wakati mmoja. Chagua baruti inayojaza ganda vya kutosha, ili ukimimina mara mbili kwa bahati mbaya imwagike uione. Maganda yaliyojazwa yapange kwenye kibao chenye matundu, uyamulike yote kwa tochi kabla ya kukaza kichwa chochote. Simu izimwe. Mlango ufungwe. Watoto, chakula na chai visiwe chumbani, kwa kuwa vumbi la madini ya risasi na la fataki ni sumu, nawe unawe mikono kwa sabuni kabla ya kumsalimia mtu yeyote.

Kuhusu Snider, Martini na Mauser ya 1871 nasema neno moja: baruti isiyo na moshi haiingii humo kamwe, hata kidogo, hata kwa kujaribu. Chuma na mtambo wake vilikusudiwa msukumo wa taratibu wa baruti nyeusi.

Hatua ya saba: uwanjani

Piga kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa pekee, na umweleze msimamizi mapema kwamba unaleta bunduki ya kale. Vaa miwani ya usalama na vizibo vya masikio. Miwani ndiyo muhimu kuliko yote, kwa kuwa gesi ya ganda lililopasuka hurudi nyuma. Risasi za kwanza fundi na azipige bunduki ikiwa imefungwa kwenye kiegemeo na watu wote wakiwa mbali nyuma ya kinga. Baadaye jaza moja moja, si magazini nzima. Kila ganda likitoka, lisome kama ulivyozisoma alama: fataki iliyobapa au kuzungukwa na masizi, mstari unaong'aa karibu na kitako, komeo gumu kufunguka. Ukiona lolote kati ya hayo, siku imekwisha.

Fataki ikigoma, baki umeelekeza mtutu kwenye shabaha kwa dakika nzima kabla ya kufungua komeo, maana baruti inaweza kuwaka kwa kuchelewa. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, usipige nyingine. Fungua, uchungulie mtutu, kwani huenda kichwa kimekwama ndani.

Usishangae risasi zako zikipiga juu ya alama kwenye mita 100. Vilengeo vya Lee-Enfield vinaanzia yadi 200 na vilitengenezwa kwa vita vya masafa. Nairobi nayo iko karibu mita 1,795 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kwa umbali mrefu kichwa hushuka kidogo kuliko kule Mombasa. Lenga chini, usichukue tupa kukata kilengeo cha miaka mia moja.

Hatua ya nane: kusafisha

Fataki za klorati huacha chumvi mtutuni, na chumvi hiyo hunywa unyevu wa hewa. Mafuta hayaiyeyushi, maji ndiyo huiyeyusha. Nilijifunza jambo hili kwa uchungu. Katika msimu mmoja wa mvua za Aprili nilipiga risasi chache za kijeshi za zamani, wakati bado niliamini zinafaa, nikapitisha mafuta mazuri, nikaifunga bunduki kabatini nikidhani nimeitendea wema. Siku ya nne mtutu ulikuwa umechanua kutu ya rangi ya udongo wa Kiambu kutoka chemba hadi mdomoni, na vishimo vilivyobaki havitaondoka maisha yangu yote. Bunduki hiyo ilikuwa imevuka vita viwili bila doa.

Kwa hiyo chukua maji yaliyochemka, funeli na mpira mwembamba unaoingia chembani, umimine kama lita moja mtutu ukielekea chini, ukikinga mbao zisilowe. Maji ya moto huacha chuma kikiwa cha moto, nacho hujikausha haraka. Osha pia uso wa komeo. Kwa baruti nyeusi fanya vivyo hivyo jioni ile ile, ukiongeza sabuni kidogo na kusugua kwa brashi ya nailoni, kwa maana mabaki yake ni mazito na hushikamana. Pitisha vitambaa vikavu mpaka vitoke bila unyevu, ndipo mafuta mepesi yafuate. Mbao zipake mafuta ya kitani, tone moja kwa kiganja, usizipige vanishi.

Kesho yake fungua tena kabati na upitishe kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya chai, rudia maji. Kikitoka safi, pitisha mafuta, andika kwenye daftari tarehe, idadi ya risasi zilizopigwa na hali ya kila ganda, kisha weka komeo mahali pake tofauti na bunduki, na ufunge kufuli zote mbili.